Skyua Nyepesi Zimetunyima Mlima

Kila aliyekuwa kwenye mlima wa mwisho wa mbio za baiskeli za Jumapili aliona kilichotokea, na tangu siku hiyo naulizwa kama kijana wetu aliishiwa miguu. Miguu alikuwa nayo. Kilichomtoa mbioni ni uamuzi wa fundi wetu usiku wa kuamkia mbio: kung'oa skyua za chuma, zile fimbo zinazobana magurudumu kwenye fremu, na kutia za titani ili baiskeli ipungue gramu. Ulikuwa uamuzi mbovu, na sioni sababu ya kuupamba.

Turudi pale. Mbele wamebaki watatu, kona imekwisha, barabara inapanda ghafla. Kijana anasimama kwenye pedali bila kushusha giya, anavuta usukani na kukanyaga kwa nguvu zake zote. Mkanyago wa kwanza unaitika. Wa pili, gurudumu la nyuma linakaa upande. Waliosimama karibu walisikia mpira ukikwaruza fremu, na waliotazama vizuri waliona kwamba tairi liligusa bomba la kushoto, si la kulia. Hapo ndipo penye ushahidi wote. Cheni iko kulia, kwa hiyo mguu ukikanyaga, cheni inauvuta upande wa kulia wa ekseli kwenda mbele. Skyua ikishindwa kushika, upande huo unateleza na uso wa mbele wa gurudumu unageukia kushoto mpaka unakwama kwenye fremu. Alishuka, akafungua mkono wa skyua, akanyoosha gurudumu, akafunga, akapanda. Aliposimama tena kwenye pedali, likateleza tena. Wenzake wawili walikuwa wameshapotea.

Fremu yake ni ya chuma, ya zamani, mtumba mzuri wa Ulaya, na mipasuo yake inayopokea ekseli imelala. Kwenye mipasuo iliyosimama, fremu yenyewe inaizuia ekseli isiende mbele hata skyua ikiwa goigoi. Kwenye iliyolala hakuna kizuizi kingine ila bano la skyua. Juu ya hayo, mipasuo ile ina kromu, ngumu na yenye utelezi. Kama kuna fremu isiyostahili kabisa skyua nyepesi, basi ni hiyo.

Tazameni kilichotolewa. Skyua ile ya chuma ina kamu iliyofichwa ndani ya kichwa, imezungukwa na grisi, vumbi haliifikii. Karibu nguvu yote ya kiganja inageuka kuwa bano. Nati yake ina meno ya chuma yanayouma fremu na kuacha alama. Iliyotiwa ina kamu ya nje inayosugua kipande cha plastiki, mahali ambapo vumbi na jasho vinakaa. Mkono wake ni mgumu kufunga, na hapo ndipo fundi anapodanganyika: anahisi ugumu, anaamini imebana, kumbe sehemu kubwa ya ugumu ule ni msuguano tu. Fimbo ya titani nayo, kwa unene uleule na mvuto uleule, inanyumbuka karibu mara mbili ya chuma. Kamu ina mwendo mfupi sana, na sehemu ya mwendo huo inaishia kuinyoosha fimbo. Nati ni ya alumini, haiwezi kuuma kromu. Udhaifu wa namna tatu, na wote umewekwa kwenye gurudumu linalobeba mvuto wa cheni.

Faida yake? Jozi ya chuma ina takriban gramu 120, ya titani kama 50. Tofauti ni gramu 70, sawa na mafunda machache ya maji. Mpanda baiskeli na baiskeli yake wakiwa kilo 75, hiyo haifiki moja ya elfu. Kwenye mlima wa nusu saa unaokoa chini ya sekunde mbili, na yeye alipoteza mbio nzima. Wengine walinijibu kwamba uzito wa gurudumu ni jambo jingine kwa sababu unazunguka. Skyua haizunguki. Imetulia ndani ya ekseli, na habu ndiyo inayozunguka juu yake.

Nimeandika hapa miaka mingi dhidi ya ugonjwa wa mizani, na nitaendelea. Hata UCI, shirikisho la kimataifa la baiskeli, haikubali baiskeli ya mbio iliyo chini ya kilo 6.8, na kuna timu kubwa zilizolazimika kuongeza uzito ili zifike hapo. Sisi tunachinja gramu kwenye kitu pekee kinachoshikilia gurudumu! Ugonjwa huu ndio unaowafanya watu wapige tupa vile vimeno vya uma wa mbele vinavyozuia gurudumu lisidondoke, eti vinachelewesha. Na wenye breki za diski wasidhani hayawahusu, kwani breki hiyo inaisukuma ekseli ya mbele itoke kwenye uma. Mwaka 2015 kampuni ya baiskeli ya Trek iliita zirudishwe baiskeli zipatazo 900,000 Marekani pekee, kwa sababu mkono wa skyua ulioachwa wazi uliweza kunasa kwenye diski. Ekseli ya kupenyeza ya milimita 12 imekuja kumaliza mambo kama hayo.

Wazee walilielewa jambo hili kuliko sisi. Tullio Campagnolo, ambaye inasimuliwa alishindwa kufungua nati za gurudumu kwa baridi kwenye mlima wa Croce d'Aune katika miaka ya 1920, alitupatia skyua yenye kamu ya ndani, na muundo huo bado haujapitwa. Gino Bartali alishinda Tour de France ya 1948 kwa giya za Campagnolo zilizoitwa Cambio Corsa, ambazo zilimtaka aifungue skyua ya nyuma huku anaendesha, abadilishe giya, kisha aifunge. Gurudumu halikukaa upande kwa sababu mipasuo na ekseli vilichongwa meno yanayoshikana. Campagnolo alijua skyua italegea, akaweka kitu cha kushika badala yake. Fundi wetu aliondoa kinachoshika na hakuweka kitu.

Kwa mengine simlaumu: fundi huyo alinyoosha rimu vizuri na upepo wa tairi ulikuwa sahihi.

Kabla ya mbio zijazo, skyua za chuma zirudi, mbele na nyuma. Mkono uanze kukaza ukifika nusu ya safari yake, na ukishafungwa uache alama kiganjani. Titani ibaki kwa wenye mipasuo iliyosimama, wasio na diski, na ambao wameshamaliza kupunguza kila kilichobaki, kuanzia tumbo.