Picha ya Wagenia tunayo. Wagenia wanalala wapi?



Andika "Kisangani" kwenye simu yako sasa hivi, uangalie picha zitakazokuja. Ya kwanza, ya pili, pengine hata ya tano, ni ile ile: maji yanachemka kati ya mawe, miti mirefu imesimikwa ndani ya mto, vikapu vikubwa vya kunasia samaki vinaning'inia kwa kamba, na mwanaume mmoja amesimama juu kama hana hofu ya kufa. Kadi za posta za wakati wa Stanleyville zilikuwa hivyo. Kalenda za leo ziko hivyo. Watu wa ONG wakija, nao wanapiga hiyo hiyo kabla ya kupanda ndege.

Sibishi, ni picha nzuri. Lakini imerudiwa miaka mia na zaidi bila kujibu swali moja rahisi: huyu mtu anaishi wapi, na kwa nini hapo? Kijiji cha Wagenia kiko hatua chache tu kutoka majini, ndani ya komine Kisangani. Kila mara mpiga picha anakipa mgongo. Anachukua kazi ya mtu na kuacha makao yake, halafu sisi wenyewe tunasambaza ile picha tukisema "huu ndio mji wetu".

Nataka tuzungumze juu ya picha za makao: zipi zinatueleza kitu, na zipi zinatudanganya hata kama hazijabadilishwa na mashine yoyote.

Tuanze na mji wenyewe. Kwa nini Kisangani iko hapa na si kilomita hamsini mbele? Kwa sababu mto ndio uliamua. Boti inayopanda kutoka Kinshasa inatembea zaidi ya kilomita 1,700, na hapa inasimama, maana mbele kuna maporomoko saba ya Boyoma. Mzigo lazima ushuke. Wagenia walikuwa hapa kwa ajili ya samaki wa maporomoko hayo, wafanyabiashara wa Tippu Tip wakaja, kituo cha Stanley Falls kikafunguliwa mwaka 1883. Baadaye reli ikajengwa ng'ambo ya kushoto, kutoka Lubunga mpaka Ubundu, kilomita 125, ili kuyazunguka maji yasiyopitika. Kwa hiyo mtu wa Lubunga ambaye babu yake alikuja kufanya kazi ya reli hakuishi "ng'ambo" kwa kukosa akili ya kuvuka. Kazi ilikuwa ng'ambo. Lakini picha za Lubunga mara nyingi zinapigwa kutoka Makiso, toka mbali, na mitumbwi mbele. Hivyo Lubunga inaonekana kama mandhari ya mtu aliyeko mjini, kumbe ni mji nayo.

Mfano mwingine. Chukua barabara ya Ituri au ya Buta. Utaona vijiji vimejipanga mstari mmoja kandokando ya njia, nyumba za udongo, miti ya matunda, watoto. Mgeni anapiga picha na kuandika chini: "kijiji cha asili". Asili gani? Vijiji vingi vya namna hii vilisogezwa barabarani na utawala wa Wabelgiji, ili watu wahesabiwe, walipe kodi, walime pamba na kutengeneza ile barabara. Wazee wengi bado wanakuonyesha ndani ya pori mahali "kijiji cha zamani" kilipokuwa. Basi picha inaonyesha amri ya serikali na kuiita mila. Haijasema uongo wowote kuhusu nyumba. Imesema uongo kuhusu sababu.

Ndiyo maana mimi naheshimu sana kazi ya Sammy Baloji, mtoto wa Lubumbashi. Katika mfululizo wake wa Kolwezi alipiga picha za kambi za wachimbaji wadogo, maturubai juu ya ardhi nyekundu, na pembeni akaweka posta za Kichina ambazo watu walinunua sokoni: bustani, maporomoko, majumba ya ghorofa yenye taa. Ukiangalia turubai peke yake unasema "masikini hawa". Ukiangalia posta peke yake unacheka. Ukiziangalia pamoja unaelewa kwamba mtu hakuja pale kwa sababu anapenda turubai. Alikuja kutafuta ile nyumba ya kwenye posta. Hapo sababu ya kuishi mahali imeingia ndani ya picha bila mtu kuhutubia.

Karibu zaidi na sisi, mwaka 2023 Baloji alitoa filamu fupi inayoitwa Aequare, juu ya Yangambi. Wote tunaijua Yangambi, kilomita mia hivi kutoka hapa, kituo cha INEAC kilichoanzishwa 1933, leo INERA. Filamu inaweka picha za zamani za propaganda, maabara safi, wazungu wenye kaptura, mashamba yaliyonyooka, karibu na picha za leo, majengo yale yale yanayoliwa na pori na watu ambao bado wanaenda kazini. Ni kazi nzito. Inaonyesha kwamba Yangambi haikujengwa ili watu waishi vizuri. Ilijengwa ili ardhi izae kwa ajili ya wengine.

Lakini nina neno. Aequare inapenda sana ukimya wa majengo. Mtazamaji wa Venice, ambako ilionyeshwa mwaka huo huo, anaweza kutoka pale akifikiri Yangambi ni magofu mazuri. Sisi tulio na shangazi au mjomba kule tunajua swali linalobaki: kwa nini watu hawakuondoka? Mishahara midogo na ya kuchelewa, barabara mbovu, na bado familia ziko. Kuna nyumba ya kazi ambayo ukiiacha huipati tena. Kuna shamba nyuma ya nyumba. Kuna kaburi la baba. Kuna mto wa kushusha mihogo na mkaa mpaka mjini. Hayo hayatoki kwenye ukuta uliopasuka hata ukiupiga picha kwa ustadi namna gani. Yanatoka kinywani mwa anayekaa ndani.

Na huyo anayekaa ndani mara nyingi hataki kupigwa picha. Marehemu Kiripi Katembo wa Kinshasa alikutana na ukuta huo, watu wakimkatalia. Akaamua kupiga picha ya mji ndani ya madimbwi ya maji ya mvua, akaigeuza juu chini. Mfululizo wake, Un regard, ukawa mashuhuri. Ni njia ya akili na ya heshima. Ila tusisahau ilianzia kwenye kukataliwa, na watu wanakataa kwa sababu wanazijua. Ukitembea Mangobo au Kabondo na kamera, mama wa kwanza atakuuliza: "Yaya, hii foto inaenda wapi? Utakula nayo feza wewe, miye nitabaki na nini?" Hilo ni swali la mhakiki kamili. Sijaona kitabu cha nadharia kinachouliza vizuri kuliko hapo.

Dieudo Hamadi, ambaye ni wa hapa hapa, alilijibu kwa namna yake. Katika En route pour le milliard, ya mwaka 2020, anawafuata wahanga wa vita vya siku sita vya Juni 2000, pale majeshi ya Rwanda na Uganda yalipopigana ndani ya mji wetu. Wanashuka mto mpaka Kinshasa kudai haki. Njiani boti inakuwa makao yao: turubai, mvua, sufuria, mabishano. Hamadi hakuwapiga picha akaondoka. Alipanda nao. Kwa hiyo unawaona kama watu wenye anwani, wenye mji waliotoka na ambao watarudi. Wengine kabla yake walionyesha magongo yao tu.

Sasa, kwa nini nasema jambo hili ni kubwa kuliko sanaa? Angalia upande wa Lubunga tangu Februari 2023. Mgogoro wa ardhi kati ya Mbole na Lengola umefukuza familia nyingi, zikakimbilia kwenye majengo ya shule, ya kanisa, na kwa ndugu mjini. Picha zilizozunguka ni za mabashi na foleni za msaada. Zilisaidia, sikatai, maana bila hizo hakuna ambaye angeleta hata mchele. Lakini mtu aliyepigwa picha chini ya bashi tu anageuka kuwa "mtu wa bashi". Nyumba yake ya kule, michikichi aliyopanda, mpaka wa shamba lake, havimo. Na ugomvi wenyewe ni juu ya nani alikuwa wapi! Siku ya kurudi, au siku ya kukaa mbele ya hakimu, picha ya bashi haitamsaidia kitu. Hapo ndipo picha ya makao yenye sababu ndani yake inakuwa karibu na hati.

Vivyo hivyo kwa wanaojenga kandokando ya mito na mifereji. Mvua ikibomoa, picha inatoka na maneno "ujenzi wa ovyo". Nani ameuliza bei ya parsele pale na bei ya parsele Makiso? Nani amehesabu dakika toka nyumba ile mpaka soko, kwa toleka na kwa miguu?

Mfano wa kufanya vizuri tunao, na unatoka kwenye avenyu yetu wenyewe. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 mtafiti Valdo Pons alikaa Stanleyville akachunguza avenyu moja, Avenyu 21, watu wake mmoja mmoja: nani ametoka wapi, nani alimkaribisha, nani anapangisha kwa nani. Kitabu chake kilitoka 1969. Alikuwa mgeni, na utawala wa wakati ule ulikuwa na macho yake, tusimtukuze. Lakini kanuni yake ni nzuri: avenyu moja, muda mrefu, maswali madogo.

Sisi tuliomaliza Unikis na vyuo vingine, na ninyi mnaoandika TFC na memware mwaka huu, tuna simu zinazopiga picha kuliko kamera yoyote ya Stanleyville. Basi chagua avenyu yako. Piga nyumba kumi, kwa ruhusa. Chini ya kila picha andika maneno ya mwenye nyumba mwenyewe, kwa lugha aliyosema: alikuja mwaka gani, alifuata nani au nini, kitu gani kingemfanya aondoke. Usiandike jina lake kama hataki. Halafu chapisha nakala moja kwenye karatasi umpelekee, ili yule mama wa Mangobo akikuuliza foto inaenda wapi, umuonyeshe ukuta wake.

Na mwenye kwenda Wagenia jumapili hii, sawa, piga maporomoko. Ila ukishamaliza, geuka nyuma, upige hodi kwanza.