Sauti, Silabi na Tahajia: Uhakiki wa Ufundishaji wa Kusoma kwa Wanafunzi Waanzao katika Kata ya Ipililo

Ipililo ni kata ya Wilaya ya Maswa, katika Mkoa wa Simiyu ulioanzishwa mwaka 2012 na kuwa na makao makuu Bariadi. Watoto wengi wa huko huanza Darasa la I wakiwa wamelelewa kwa Kisukuma. Hoja ya uhakiki huu ni kwamba mtaala wa Kusoma, Kuandika na Kuhesabu (KKK) wa mwaka 2015, kwa kuutilia mkazo uhusiano wa sauti na herufi, ulichukulia kwa wepesi mno kuwa mtoto anayo tayari sauti anayofundishwa kuiandika.

Dhana hiyo inamfaa mtoto wa Unguja. Kiswahili Sanifu, kilichosimamiwa na Kamati ya Lugha tangu mwaka 1930, kiliegemea Kiunguja. Hivyo mtoto wa huko akitamka ‘dhahabu’ ana /dh/ ya kuiandika. Kisukuma hakina /dh/, /th/ wala /gh/. Mwanafunzi wa Ipililo anayeandika ‘zahabu’ ameandika kwa uaminifu kile anachotamka. Vivyo hivyo kwa /r/ na /l/, ambazo Kisukuma hakizitofautishi: ‘kura’ na ‘kula’ humjia kama neno moja. (Jina la kata lenyewe lina /l/ mbili na halina /r/.) Kuyaita makosa hayo uzembe ni kuiadhibu fonolojia ya mtoto. Tatizo huongezeka pale mwalimu, naye akiwa Msukuma, anaposoma imla kwa matamshi yaleyale. Sikio halina tena pa kuipata herufi.

Lakini mtoto huyu hakuja mikono mitupu. Kisukuma kina irabu saba dhidi ya tano za Kiswahili, kina nazali zisizo ghuna, na /ng’/ imejaa humo: ‘ng’wana’ ni mtoto. Sauti ambayo vitabu vingi vya kuanzia huiweka mwishoni kwa kuonekana ngumu, Ipililo ingefaa ifundishwe mapema.

Kuhusu silabi, lawama kwamba ‘ba, be, bi, bo, bu’ huzalisha kasuku ina ukweli, ila imetiwa chumvi. Silabi za Kiswahili kwa kawaida ni wazi, na /b/ haitamkiki vizuri bila irabu. Uchambuzi wa sauti mojamoja una tija zaidi pale konsonanti zinapoandamana, kama katika ‘mbuzi’ na ‘ndizi’. Huko utumike kwa bidii. Kwingineko silabi inatosha.

Programu ya Utayari wa Shule, chini ya EQUIP-Tanzania, iliyofika pia Simiyu, ilitambua pengo la lugha na kutumia hadithi kumzoesha mtoto Kiswahili. Ilikuwa hatua ya maana. Hata hivyo, hadithi hukuza msamiati na usikivu. Hazimwonyeshi mtoto ulimi ukae wapi anapotamka ‘kura’.

Kasoro iliyo wazi zaidi imo katika usahihishaji. ‘Zahabu’ na ‘kitadu’ (kwa ‘kitabu’) huwekewa mkasi uleule wa kalamu nyekundu. ‘Kitadu’ ni mkanganyo wa maumbo ya b na d, na mazoezi ya mwandiko hulimaliza. ‘Zahabu’ halitamalizwa na mwandiko: mwanafunzi atalinakili sahihi mara 20 ubaoni, na imla ijayo ataliandika kama anavyolitamka nyumbani.