Miongozo ya kuongoza foni kwa mbali: wao wanaanza kwa kompyuta, sisi tuanze kwa batri

Ndugu wasomi, wiki hii siandiki juu ya kakao wala kahawa. Nataka kukosoa maandishi: ile miongozo inayofundisha kuongoza redio kwa kompyuta ukiwa mbali, na la kufanya ikigoma. Nimesoma mingi, ya Kifaransa na ya Kiingereza, na mmoja ulitugharimu feza.

Foni yetu ni ya kikundi cha wakulima: redio ya aina wanayotumia maamateri, wati 100, juu ya kilima kimoja cha Butembo, inakula batri na pano ya jua. Mimi niko Beni, zaidi ya kilometa 50, na kompyuta. Kazi yake ni kuuliza vijiji ambako rezo ya telefone haifiki kama barabara inapitika leo ao hapana, kabla gari halijapakia.

Shida ilikuwa hii: nikibonyeza kusema tu, redio inapotea kwenye kompyuta. Mwongozo unasema angalia namba ya porti, angalia kasi (4800, 9600, 19200) iwe sawa pande zote mbili, angalia programu mbili zisigombanie porti moja. Ni kweli yote, na mwenye kuanza atasaidika. Lakini yetu ilikuwa inasikia vizuri na frekwensi inageuka vizuri. Kasi mbaya ingegoma tangu mwanzo.

Kisha unasema: punguza nguvu hadi wati 10, shida ikiisha, basi mawimbi ya antena yanaingia kwenye kebo ya USB, nunua feriti. Tulipunguza, ikaisha. Tukaagiza feriti Kampala, tukangoja, tukazifunga. Tukarudi wati 100: redio ikapotea tena.

Njo hapa ninapokosoa. Jaribio lile halitenganishi magonjwa mawili. Sisi wa agronomia tunajua: mahindi yakigeuka njano haukimbilii mbolea ya azoti, juu maji yakituama shambani majani yanageuka njano vilevile. Redio ya wati 100 inavuta karibu ampea 20 wakati wa kusema. Nyingi zimetengenezwa kwa volti 13.8 na zinavumilia asilimia 15 chini ya hapo, yaani karibu 11.7. Batri iliyochoka inashuka zaidi ya pale, redio inajizima kidogo, na kompyuta inalia "porti, porti". Ukipunguza hadi wati 10 batri inapumua, na ugonjwa unaisha vilevile! Mlinzi wa kilima aliweka voltimita nyuma ya redio wakati ninasema: 10.9. Ilituchukua dakika mbili.

Mwandishi ana moto ukutani mchana na usiku, simlaumu kwa hilo. Namlaumu kwa kuandika "basi" pale palipotaka "labda".

La pili ni baya zaidi, na limefichwa ukurasa wa mwisho. Kompyuta ya kilimani ikijiwasha upya, waya mbili za porti, RTS na DTR, zinaweza kupanda na redio ikaanza kurusha bila mtu kusema. Ukiwa kando yake unaizima. Ukiwa Beni na intaneti imekatika, je? Frekwensi ni ya wote, na redio iliyokwama hewani inanyamazisha vijiji vyote. Dawa yake ni kuzima waya hizo kwenye menyu, na kuweka saa ya redio yenyewe ikate kisha dakika tatu. Hilo lilipaswa kuwa ukurasa wa kwanza.

Nisifu pia. Maelezo ya rigctld, programu ya bure ya mradi wa Hamlib, yanaonya waziwazi usiiache porti yake wazi kwa intaneti yote.

Lakini hakuna mwongozo hata mmoja niliousoma unaouliza: nani yuko kando ya redio? Mnakumbuka tarehe 31 Desemba 2018, kesho yake ya uchaguzi ambao Beni na Butembo hatukupiga. Intaneti ilikatwa nchi nzima, karibu siku 20. Foni haihitaji intaneti. Niliyekuwa nimeiweka nyuma ya intaneti ni mimi, na mwongozo mkononi.

Sasa mlinzi ana daftari ya frekwensi, na swichi ya kukata batri iko karibu na mlango. Tunatafuta batri mpya. Mwenye kujua duka la Butembo lisilouza batri za zamani zilizopakwa rangi, aandike hapa chini.