Kitenzi Kisicho na Mtenda

Mwaka 2017 Watanzania walizoea maneno mawili yaliyorudi kila habari ya mauaji ilipotoka Kibiti, Rufiji na Mkuranga: watu wasiojulikana. Viongozi wa vijiji na vitongoji walipigwa risasi, wengine nyumbani kwao, na waliofanya hivyo wakawa ni watu wasiojulikana. Anayetaka kuandika hadithi fupi ya uhalifu kuhusu eneo lile, tuseme aiweke Ruaruke, kijiji kinachoujua mto na mikoko yake, asianze na bunduki wala damu. Aanze na maneno hayo mawili. Kwa maoni yangu dhuluma, inaposimuliwa kwa Kiswahili, hupata maficho yake ya kwanza ndani ya kitenzi, na hapo ndipo mwandishi wa hadithi za uhalifu anapaswa kupekua kabla ya kwenda kokote.

Tumeshaoneshwa njia. Mzimu wa Watu wa Kale ya Muhammed Said Abdulla, iliyoshinda shindano la uandishi la mwishoni mwa miaka ya 1950 na kutoka kama kitabu mwaka 1960, imejengwa juu ya hila moja ya ufundi. Maiti ya Bwana Ali inakutwa mzimuni, na mahali penyewe panatosha kuwa jibu: watu wako tayari kuamini kwamba mzimu ndio ulioua. Bwana Msa, mpelelezi wa riwaya hiyo, na kiko chake mdomoni, hafanyi kazi ya kuongeza habari tu. Anauondoa mzimu kwenye nafasi ya mtenda, kisha anauliza ni mwanadamu gani anayestahili kukaa pale. Ukiisoma riwaya ile kwa jicho hilo, utaona kwamba “watu wasiojulikana” ni mzimu mwingine. Nao wanaua, nao wanaogopwa, nao wakishatajwa maswali yanakoma. Tofauti ni kwamba mzimu wa Abdulla ulitokana na imani ya wanakijiji, ilhali huu wa pili ulisomwa kwenye taarifa za habari.

Lakini Bwana Msa ana neema ambayo Kibiti haikuwa nayo: akiuliza, hujibiwa, na akishajibiwa hurudi nyumbani salama. Azory Gwanda, mwandishi wa Mwananchi aliyeripoti mauaji ya Kibiti, alichukuliwa na watu waliokuja na gari tarehe 21 Novemba 2017. Hapa vitenzi vinahitaji kupimwa kimoja kimoja. Tukisema “Azory alitoweka”, sarufi inamfanya yeye kuwa mtenda, kama mtu aliyeamua kuondoka. “Amepotea” inamfanya mzembe wa njia. “Alichukuliwa” ina ukweli zaidi, maana ile -w- inakiri kwamba kuna mkono wa mtu mwingine, na baada yake inabaki nafasi ya “na” ambayo msomaji anaisikia ikiwa tupu. Julai 2019, aliyekuwa waziri wa mambo ya nje, Palamagamba Kabudi, aliiambia BBC kwamba Azory alitoweka na kufa. Baadaye ikaelezwa kwamba kauli hiyo ilieleweka vibaya. Vitenzi viwili, na katika vyote viwili hakuna aliyefanya jambo isipokuwa Azory mwenyewe. Mwandishi wa hadithi anayesikia hilo ameshapata kiini cha kazi yake.

Tuseme hadithi ya kurasa sita. Mwanamke wa Ruaruke anangoja mume aliyekwenda kuuza korosho, katika miezi ile ambayo pikipiki zilikatazwa kutembea usiku. Jirani anamwambia, “Shemeji kasafiri.” Mzee wa msikitini anasema, “Mwanangu, amechelewa tu.” Kijana wa bodaboda anasema, “Mama, alipakiwa.” Hakuna mpelelezi humo, wala kikao cha mwisho ambapo muuaji anasimamishwa mbele ya watu. Upelelezi wote ni mwanamke kusikia kwamba kitenzi cha tatu hakifanani na viwili vya kwanza, na kujua kwamba waliosema viwili vile hawakusema uongo kwa ubaya bali kwa woga. Urefu wa hadithi fupi unaruhusu kuishia pale. Riwaya ingedai jibu.

Yupo atakayesema msomaji wetu hataki pengo, anataka Willy Gamba. Ni kweli Elvis Musiba, aliyemuumba Willy Gamba, alipata wasomaji wengi kwa Kufa na Kupona mwaka 1974, na mwendo wa riwaya ile bado unafundisha. Ila Willy Gamba ni mtumishi wa dola, adui yake yuko nje ya mipaka, na muundo huo hauna mlango wa kuiuliza dola yenyewe swali. Pingamizi zito zaidi ni lile la haki: je, hadithi ya namna hii haiwasahau polisi? Tarehe 13 Aprili 2017 askari wanane waliokuwa wakirudi kutoka lindoni waliuawa katika shambulio la kuvizia Kibiti, na familia zao zina machozi yale yale. Nakubali kabisa, na ndiyo sababu kipimo changu ni cha sarufi, si cha upande. Askari wale waliuawa na nani? Mwenyekiti wa kijiji je? Na vijana ambao ndugu zao wanadai walichukuliwa wakati wa operesheni ya vyombo vya dola? Hadithi inayouliza “na nani” kwa kundi moja na kulinyima jingine imeshindwa kiufundi kabla ya kushindwa kimaadili, kwa sababu msomaji wa Kibiti atalitambua pengo lililofichwa upesi kuliko mhariri yeyote wa Dar es Salaam.

Waandishi chipukizi wanaotuma hadithi magazetini, naomba mfanye jaribio moja: pigieni mstari kila “alitoweka” mliyoiandika, kisha mjiulize kama mliichagua nyinyi au mliipokea. Azory Gwanda hajapatikana mpaka leo.