Kutoka Majini Hadi Relini: Hesabu ya Msafiri wa Pwani ya Lindi

Msafiri aliyeshuka melini katika ghuba ya Lindi mwanzoni mwa miaka ya 1950, akiwa na azma ya kufika Nachingwea kwa gari la moshi, hakuwa na saa moja ya kuifuata bali saa tatu, na kila moja ilikwenda kwa sheria yake: meli iliyofika kwa rehema ya hali ya bahari, reli iliyoondoka kwa ratiba iliyochapwa, na maji ya hori ya Lukuledi yaliyojaa na kupwa kwa amri ya mwezi. Aliyejua kuzipatanisha saa hizo tatu alilala njiani usiku mmoja, akafika. Asiyejua alikaa kitako juu ya sanduku lake siku nzima, akitazama matope ya mikokoni yakikauka juani. Elimu hiyo ya kupatanisha ilikuwa elimu kamili, yenye kanuni zake na wajuzi wake, nami naona ni dhuluma kwamba katika maandiko yote juu ya reli ile ya kusini husemwa habari za karanga na fedha zilizopotea, wala hazisemwi habari za mtu aliyevuka kutoka majini hadi relini.

Kwanza yafaa ijulikane kwa nini reli ilianzia pale ilipoanzia. Wajerumani walikuwa wamekusudia zamani njia ya reli kutoka Kilwa hadi Ziwa Nyasa, wakapima na kuandika, lakini haikujengwa. Na hata Vita vya Pili vya Dunia vilipokwisha, Jimbo la Kusini halikuwa na reli ya maana wala bandari ambayo meli kubwa iliweza kuegemea ukingoni. Ndipo ulipokuja Mpango wa Karanga wa Serikali ya Uingereza, uliobuniwa 1946 na kuanza 1947, ambao katika hesabu yake ya kwanza ya eka zaidi ya milioni tatu ulilipa Jimbo la Kusini fungu kubwa kuliko Kongwa na Urambo. Haraka ilikuwa kubwa. Bandari ya kina kirefu ilichaguliwa kujengwa Mtwara, lakini gati halijengwi kwa mwaka mmoja, na matrekta hayangengoja. Basi pakatafutwa mahali pa muda, napo ni Mkwaya, juu ya hori, ndani kupita mji wa Lindi, na kutoka hapo mataruma yakalazwa kuelekea bara hata reli ikafika Nachingwea mwaka 1949.

Neno hilo, mahali pa muda, ndilo lililomtaabisha msafiri. Meli ilitia nanga ghubani, na kati ya ngazi yake na mlango wa behewa palikuwa na maji, tena maji yasiyokaa.

Watu wa pwani hawahitaji kufundishwa habari za bamvua na maji mafu, ila kwa wasomaji wa bara nitaeleza. Bahari yetu hujaa mara mbili na kupwa mara mbili katika muda wa siku moja na dakika 50 hivi, kwa hiyo kila siku maji huchelewa kwa kadiri hiyo kuliko jana yake. Mwezi uandamapo na mwezi uwapo mpevu ndipo lijapo bamvua, maji hupanda na kushuka kwa kimo kipitacho mita 3, na katika sehemu hii ya pwani hujaa sana karibu na saa kumi, alfajiri na alasiri, yakawa yamekupwa saa nne asubuhi na saa nne usiku. Juma moja baadaye, katika maji mafu, mambo hugeuka: maji hujaa saa nne, tena hayajai sana, na hupwa saa kumi. Na kwa kuwa mwezi wa Kiislamu huhesabiwa kwa mwandamo, mtu aliyejua kuwa leo ni tarehe 1 au 15 ya Shaabani alijua pasipo kutazama kitabu chochote kwamba bamvua limewadia, na aliyejua ni tarehe 8 alijua kwamba maji ni mafu. Hiyo ndiyo ratiba iliyokuwa mfukoni mwa kila nahodha.

Sasa natutie hesabu hiyo kazini. Chukua meli iliyotia nanga ghubani saa kumi na mbili asubuhi, siku ya bamvua. Wakati huo maji yanatoka. Yatazidi kutoka hata saa nne, na tishali lililosheheni, likikokotwa kwenda Mkwaya saa mbili ya asubuhi, lina hatari ya kukalia tope na kubaki hapo mpaka maji yarejee. Busara basi ni kungoja yaanze kurudi na kupata kina, ipate saa saba au saa nane, kisha kupanda hori pamoja nayo, yakiwa nyuma yakisukuma badala ya kuwa mbele yakizuia. Tishali hufika karibu na alasiri. Kupakua huchukua muda uliobaki wa mchana. Mwenye sanduku zito hawezi kuwa tayari kwa gari la siku hiyo, hata liwe lipo. Na abiria mwepesi, mwenye kifurushi na mkeka tu, ambaye angeweza kutangulia kwa barabara, aghalabu hakutaka kutengana na mali yake. Lakini ichukue meli hiyo hiyo, saa hiyo hiyo, siku ya maji mafu: maji yanapanda tangu alfajiri, tishali laweza kuondoka mapema, ila kwa kuwa maji hayo hayajai sana sharti lipakiwe nusu, na nusu nyingine ingoje safari ya pili. Bamvua lilimnyima msafiri asubuhi yake, na maji mafu yakamnyima mzigo wake. Aliyepanga safari bila kuuliza tarehe ya mwezi hakuwa amepanga kitu.

Natamani msomaji aione kazi yenyewe kwa karibu. Tishali ni chombo kipana, tumbo wazi, hakina injini wala tanga. Hukokotwa kwa kamba na mashua ya moto. Sanduku hushushwa kutoka melini katika wavu wa kamba, na mtu asimamaye chini hulipokea si kwa kulidaka bali kwa kulielekeza, akiliwekea kiganja ubavuni huku limening'inia, akingoja wimbi liliinue tishali ili vitu viwili vikutane kwa upole. Akiharakisha kabla ya wimbi, sanduku huanguka kimo cha mtu. Makuli wa Lindi walijua kusoma mawimbi hivyo, la tatu au la nne, na kelele yao ya kupokezana ilikuwa ndiyo kipimo cha wakati. Hapakuwa na karatasi ya reli iliyoandika kazi hiyo, ingawa ratiba nzima iliikalia.

Baada ya maji huja saa za mdomo. Reli, ambayo tangu 1948 ilikuwa chini ya shirika moja la Reli na Bandari za Afrika Mashariki, ilihesabu siku kutoka saa sita ya usiku, na namba zake zilikuwa za Kizungu. Mtu aliyeona 8 imeandikwa ubaoni akaisoma saa nane, kisha akafika baada ya adhuhuri, alikuta vyuma vitupu, maana gari lilikwisha kuondoka saa mbili ya asubuhi. Kosa hilo lajulikana na kila mtu. Liko jingine lililofichika zaidi, nalo ni la usiku. Kwa wazee wetu siku huanza jua lituapo, na usiku wa Jumatatu ni ule utanguliao mchana wa Jumatatu, ambao leo twauita usiku wa kuamkia Jumatatu. Ilhali kwa karani wa reli usiku wa Jumatatu ni ule uufuatao mchana huo. Mzee aliyeambiwa na karani kwamba gari laondoka usiku wa Jumatatu alifika Jumapili magharibi, akapoteza usiku mmoja na mchana mmoja. Hasara hiyo ni ndogo. Lakini mzee huyo huyo akimpelekea mwanawe aliyesoma skuli habari kwamba meli yaja usiku wa Jumatatu, mwana alikwenda kuipokea Jumatatu jioni, nayo ilikwisha kuja na kwenda. Wajuzi walikwepa mtego huo kwa kutotaja usiku kabisa. Walisema, gari laondoka Jumatatu baada ya isha, na kesho yake ni Jumanne. Ni maneno marefu, lakini hayana njia mbili.

Kwa hiyo kanuni ya msafiri mzoefu ilikuwa kuhesabu kinyumenyume. Hakuanza na meli. Alianza na gari, kwa kuwa magari hayakuwa ya kila siku, na lililokosekana halikufuatwa na jingine kesho yake. Aliiweka siku ya gari mbele yake, akarudi nyuma usiku mmoja wa kulala, akarudi tena maji mamoja ya kujaa, akarudi tena siku moja tupu kwa ajili ya meli kuchelewa, ndipo akaamua apande meli ipi. Siku ile tupu ndiyo kiini cha elimu yote. Haikuwa na kazi wala jina, na mgeni aliiona kuwa uvivu. Lakini safari za kuunganisha bahari na reli husimama juu ya siku hiyo kama nyumba juu ya msingi wake.

Upande wa Kilwa hesabu ilikuwa ya namna nyingine, kwa kuwa Kilwa haikupata reli hata ya muda, ijapokuwa Kilwa Masoko ina bandari ya maumbile yenye kina ambayo miji mingi ingeionea wivu. Mtu wa Kilwa Kivinje aliyetaka kwenda Tabora alikuwa na njia mbili: apande meli ya mwambao, akipelekwa kwanza kwa mashua kuvuka maji machache ya Kivinje hadi ilipotia nanga mbali, au apande jahazi wakati wa kusi, ambao huvipeleka vyombo kaskazini, akijua kwamba kaskazi ingemrudisha nyumbani. Barabara haikutegemewa, kwa maana masika yalipofurisha Rufiji nchi ilikatika vipande viwili, na daraja la Mkapa halikufunguliwa hata 2003. Dar es Salaam alikuta kiungo kilichotungwa vizuri kuliko cha Lindi: reli ya kati, iliyofika Kigoma 1914 na Mwanza 1928, ilianzia stesheni iliyo hatua chache kutoka ukingo wa bandari, hata aliyetoka Bombay, akiisha kumaliza shughuli za forodhani, aliweza kumfuata hamali kwa miguu. Gati za kina kirefu zilifunguliwa huko 1956. Kabla yake mashua ndizo zilizoshusha watu, lakini maji ya ndani ya Bandari Salama ni matulivu, wala hayakumlazimisha mtu kujua tarehe ya mwezi. Jambo moja tu alipaswa kuliangalia, nalo ni behewa, kwa sababu Tabora gari liligawanyika, sehemu moja ikaenda Kigoma na nyingine Mwanza, na aliyelala katika behewa lisilo lake aliamka katika nchi asiyoikusudia.

Narudi kusini. Mwaka 1954 bandari ya Mtwara ilifunguliwa, na gati lake la mita 385 likamaliza taabu niliyoieleza: meli iliegemea, ngazi ikashushwa juu ya saruji, na reli, iliyounganishwa na ile ya kwanza, ilikuja mpaka bandarini. Kwa uhandisi hapakuwa na kiungo bora zaidi katika pwani yote ya Tanganyika, kwani bamvua na maji mafu yalikuwa sawa mbele yake. Huzuni ni kwamba kilikamilika baada ya kile kilichojengewa kufa. Mpango wa Karanga ulikuwa umekwisha kuvunjwa mwanzoni mwa 1951, baada ya kumeza takriban pauni milioni 36. Reli yenye zaidi ya kilomita 200 ilibaki ikingoja mzigo, na muda si mrefu baada ya uhuru wa 1961 ikafungwa, vyuma vikang'olewa. Kambi ya wapigania uhuru wa Msumbiji ilipoanzishwa Nachingwea katikati ya miaka ya 1960, ililishwa kwa malori. Nayo mikorosho ya Newala na Masasi ilikuwa ikikua wakati huo huo, na katika msimu wa 1973/74 nchi ilivuna tani 145,000 hivi za korosho, sehemu kubwa ikitoka kusini. Hukumu yangu ni kwamba waliojenga walikosea kwa kuipimia reli zao moja, na waliong'oa walikosea kwa kipimo kile kile. Pande zote mbili hazikumhesabu abiria.

Leo abiria ashukaye boti ya Unguja pale Dar es Salaam aweza kufika stesheni ya treni ya umeme kwa mwendo mfupi wa bajaji, akafika Dodoma siku ile ile; safari hizo zilianza 2024. Kwetu kusini, Serikali inayo azma ya kujenga reli kutoka Mtwara hadi Mbamba Bay, yenye matawi ya kwenda kwenye makaa ya mawe ya Mchuchuma na chuma cha Liganga. Ni azma njema, nami naiombea. Lakini nasikia tena makaa na chuma vikitajwa kwanza, kama zilivyotajwa karanga. Nawaomba watakaochora ramani za stesheni ya Mtwara waanze na ile hatua iliyo kati ya ngazi ya meli na mlango wa behewa, nao waipime kwa miguu yao wenyewe, wakiwa wamebeba sanduku, mchana na usiku, siku ya bamvua na siku ya maji mafu.