Sabuni ya majivu na jeshi lisilotulia

Manowari za Kiingereza zilipoziba pwani baada ya vita kuanza mwaka 1914, sabuni ya dukani ilianza kuadimika katika Afrika Mashariki ya Kijerumani. Taasisi ya utafiti ya Amani, Usambara, ikageuzwa kiwanda: katika mwaka mmoja na nusu ilitoa vipande 10,000 vya sabuni na paketi 2,652 za unga wa meno. Katikati ya 1916 Amani ikatekwa, na Septemba vikosi vya Jenerali Northey wa Kiingereza vikaingia Songea. Tangu hapo aliyetaka sabuni ilimbidi ajikorogee.

Ufundi wenyewe si mgumu. Debe linatobolewa chini, linatandikwa nyasi, linajazwa majivu, kisha maji yanamiminwa kidogokidogo. Yanayodondoka ni ya kahawia, yanateleza vidoleni. Yakitiwa chokaa yanakuwa makali ya kuchubua ngozi, kwa hiyo hukorogwa kwa mti. Kipimo cha wakongwe ni yai bichi: likielea, yamekolea. Hapo yanachemshwa na mafuta ya karanga, ya mbono au ya mnyama mpaka yashikamane. Sabuni hiyo hubaki laini kama uji mzito. Kuigandisha ni mpaka utie chumvi.

Shida iko hapo. Mafuta na chumvi ndivyo vilivyokosekana jikoni. Askari wa Lettow-Vorbeck, kamanda wa jeshi la Kijerumani, waliwinda viboko ili wapate mafuta, na sioni mpishi ambaye angeyapeleka kwenye sabuni kabla ya sufuria. Majivu nayo yanataka muda, na kikosi kinachong'oa kambi alfajiri hakingoji debe lidondoke. Mimi nasema kilichowanyima sabuni ni mwendo. Maarifa walikuwa nayo.

Hata hivyo, sabuni isingefua dafu kwa kila kitu. Papasi hujificha kwenye nyufa na vumbi la vibanda vya zamani, na kinga ya homa yake ilikuwa kulala mbali navyo. Funza alitaka mwiba, macho makali na ukaguzi wa vidole kila jioni, hasa kwa waliotembea pekupeku.

Waliotembea hivyo zaidi ni wapagazi. Walikunywa maji waliyoyakuta na kula unga ambao mara nyingi haukuiva. Katika vita ile wapagazi walikufa wengi kuliko askari, na wengi wao waliuawa na maradhi, kuhara damu kukiwa miongoni mwa yaliyoua zaidi.