Jembe, mbu na seli mundu: makala ya 1958 bado inafaa?

Kama utasoma makala moja tu ya zamani kuhusu seli mundu, soma ya Frank Livingstone, iliyotoka 1958 katika jarida la American Anthropologist. Ila isome ukiwa macho.

Miaka minne kabla, Anthony Allison, daktari aliyekulia Kenya, alikuwa ameonyesha kwa vipimo vya Afrika Mashariki kwamba mtu mwenye kinasaba kimoja cha seli mundu ana kinga fulani dhidi ya malaria. Livingstone akauliza: na hiyo malaria yenyewe ilipata wapi nguvu? Jibu lake ni jembe. Wakulima wa Afrika Magharibi walipofyeka msitu, madimbwi yalipigwa na jua, mbu wa Anopheles gambiae wakapata pa kuzaliana, na watu wakaishi wamesongamana. Yaani kilimo kilibadilisha mazingira, na mazingira yakabadilisha damu.

Hapo ndipo makala inapong'aa, maana inavunja ule usemi kuwa huu ni "ugonjwa wa watu weusi". Kinasaba hiki kinafuata malaria. Utakikuta India, Saudi Arabia na sehemu fulani za Ugiriki, lakini ni adimu kwa Waxhosa wa Afrika Kusini.

Inapwaya wapi? Kwanza, Livingstone anapanga takwimu zake kwa "makabila", wakati watu wamehama na kuoana siku zote. Pili, utafiti wa jenomu wa 2018 ulikadiria kinasaba hiki kina miaka 7,300 hivi. Mwingine wa 2019 ukarudi nyuma hadi kama miaka 22,000. Basi huenda jembe lilikiongezea kasi tu, hadithi ikiwa imeshaanza.

Tatu, na hili ndilo zito: mgonjwa hayumo. Kinga ya wengi inalipiwa na mtoto aliyerithi vinasaba viwili, kimoja kwa baba, kimoja kwa mama. Ukimsahau huyo, unaishia kwenye maneno ya vijiweni kwamba "mwenye sikoseli hapati malaria". Si kweli, na ni hatari. Mwenye kinasaba kimoja ana kinga kiasi. Mwenye viwili anaumwa, na malaria inaweza kumuua upesi. Kama yupo nyumbani kwenu, alale ndani ya chandarua na asikose kliniki.

Isome, basi. Swali la Livingstone bado ni zuri. Wewe ongeza mtu aliyemsahau.